Kikao cha Sebuleni na Urefu wa Boriti

Neno kaa limezaa maneno mengi katika Kiswahili: makao, mkao, kikao, mkaaji. Mkao ni namna mtu alivyoketi. Kikao ni watu walioketi pamoja kwa shauri au kwa mazungumzo. Maneno hayo mawili ni ndugu, nayo yafaa yawe karibu, kwani mkao ukiharibika, kikao nacho huharibika. Kusudi letu hapa ni kueleza jinsi nyumba za kale za pwani zilivyowaketisha wageni, na sababu ya sebule nyingi za siku hizi kuwanyamazisha watu, ingawa viti vyake ni laini zaidi.

Tuanze nje. Apitaye katika mitaa ya kale ya Lamu, au ya Mji Mkongwe wa Unguja, ataona mabaraza, yaani viti vya mawe na chokaa vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba. Huko Lamu mlango mkubwa hutanguliwa na daka, ukumbi mdogo wenye mabaraza kuume na kushoto. Waketio humo hutazamana kwa karibu. Mwenye kuja kwa neno dogo humaliza haja yake papo hapo, wala jicho lake halifiki ndani kwa wenyewe. Na kwa kuwa mashauri mengi yalikatwa penye viti hivyo, jina la kiti limekuwa jina la mkutano. Ndiyo maana twasema Baraza la Mawaziri, na Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi.

Ndani ya nyumba hizo vyumba ni virefu na vyembamba. Mgeni aingiapo katika msana, chumba kielekeacho kiwanda cha nyumba ya Lamu, hudhani kwamba mjenzi alifanya njia akasahau kufanya chumba. Sababu ni boriti. Dari ilikuwa ya mawe na chokaa, nayo ilibebwa na miti ya mikoko. Na boriti ya mkoko iwezayo kubeba mzigo huo haivuki zaidi ya mita 3 hivi toka ukuta hata ukuta. Basi urefu wa boriti ulikuwa ndio upana wa chumba, kadiri ya dhiraa 6. Watu waliketi kandokando ya kuta, juu ya mikeka na mazulia, wakiegemea matakia, au juu ya viti. Na asemaye kwa sauti ya kawaida alisikiwa na aliyemwelekea. Mkoko ulipima nyumba, na nyumba ikapima mazungumzo.

Siku hizi saruji na nondo zimemwondolea mjenzi mpaka huo, na sebule yaweza kuwa na upana wa mita 5 au 6. Lakini desturi ya kuketi ukutani haikuondoka pamoja na boriti. Makochi hupangwa kuzunguka kuta zote, katikati hubaki uwanja mtupu au meza kubwa, na televisheni hupewa mahali pa mbele. Hapo wageni hugawanyika wawili wawili, kila mmoja na jirani yake, na wengine hutazama picha. Mzee asiyesikia vema huketishwa kwa adabu katika kochi lililo bora, mbali pembeni. Maneno ya mgeni hayamfikii, huitikia kwa kichwa, kisha hunyamaza. Heshima amepewa, mazungumzo amenyimwa.

Jambo hili limechunguzwa hata mbali na pwani. Katika miaka ya 1950, huko Saskatchewan katika nchi ya Kanada, Robert Sommer, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alitazama wanawake wazee katika wodi ya hospitali iliyotengenezwa upya ikapendeza. Viti vilikuwa vimepangwa kandokando ya kuta, na wazee wale walikaa kimya. Viti vilipowekwa kuzunguka meza ndogo, mazungumzo yaliongezeka.

Yafaa nini, basi? Kwanza, makochi yasogezwe toka ukutani, hata waelekeanao wasiachane zaidi ya dhiraa 6. Na chumba kikiwa kikubwa sana, vikao viwili vilivyokusanyika ni bora kuliko kimoja kilichotawanyika. Pili, wageni wasipangwe katika mstari mmoja. Watu watatu wakiketi katika kochi moja, wa kati hugeuza shingo huku na huku, na wa kando husemezana mbele ya uso wake. Kiti kimoja kikiwekwa mshazari penye ncha ya kochi, wote huonana. Tatu, itazamwe njia ya kupita: aendaye chumba cha ndani asiwakate wanaozungumza, naye aletaye kahawa amfikie kila mtu pasipo kuruka miguu. Kwa hiyo vimeza vidogo kando ya viti vyafaa kuliko meza kubwa ya katikati. Nne, mgeni wa heshima asiketishwe mlangoni penye viatu, wala asitengwe na mwenyeji wake. Kiti cha enzi cha kale, cha mpingo, kilichosukwa kwa uzi na kutiwa nakshi ya pembe, kina utukufu kwa kimo chake na kwa kazi ya fundi. Umbali hauongezi heshima. Tano, televisheni ikiwapo, iwe ubavuni, isichukue mahali pa uso wa mtu.

Mtu akitaka kujua kama sebule yake imepangwa vema, jaribio ni jepesi. Mkubwa wa nyumba na aketi mahali pake pa kila siku. Mwingine aketi katika kiti kilicho mbali kuliko vyote, amwulize hali kwa sauti ile ile ambayo angaliitumia kama wangalikuwa wameketi mkeka mmoja. Akilazimika kuipandisha, kiti na kisogezwe.