Mvua ya Vuli Haimngoji Mtu

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima anayengoja mawingu ndipo ainue jembe amekwisha kuchelewa. Katika Meru na Embu mvua ya vuli kwa kawaida huanza katikati ya mwezi wa Oktoba, huzidi nguvu mwezi wa Novemba, na hukoma karibu katikati ya Desemba. Hiyo ni miezi miwili tu. Katika siku hizo 60 au 70, mahindi, maharagwe, ndengu na mtama lazima vipate karibu maji yote ya kuvikuza. Makala haya yaeleza mvua hii hutoka wapi, huifanyia nini mimea yetu, na yakupasa kufanya nini wewe mkulima wa skimu ili usiikose.

Kwanza tuondoe wazo moja. Kwa sababu mvua ya Machi huitwa ndefu na hii ya Oktoba huitwa fupi, watu wengi hudhani kwamba ya Machi ndiyo ya chakula, na ya Oktoba ni nyongeza tu. Kule Kitale wazo hilo lafaa, maana wao hupanda mara moja kwa mwaka, tangu Machi. Kwetu halifai. Katika nchi ya chini ya Mbeere na Tharaka, vuli ndiyo mvua ya kutegemewa, na ile ya Machi mara nyingi humdanganya mkulima. Hata Meru mjini, Novemba mara nyingi ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Wakikuyu, jirani zetu, tangu zamani waliiita vuli "mbura ya mwere", yaani mvua ya mawele, na jina hilo laonyesha kwamba waliijua kuwa ni mvua ya nafaka.

MVUA HII HUTOKA WAPI

Karibu na tarehe 23 Septemba jua huvuka ikweta likienda kusini. Ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua polepole, ukapita juu yetu Oktoba na Novemba. Mwezi wa Machi jua hurudi kaskazini, na ukanda ule hupita tena. Ndiyo sababu tuna misimu miwili kwa mwaka.

Wakati huo upepo huvuma kutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu mwingi. Ukifika kwetu hukutana na Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, nao hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa huacha maji yake, kama vile mvuke wa sufuria unavyogeuka matone chini ya kifuniko. Kwa hiyo upande wa mashariki wa mlima, yaani Embu, Chuka, Nkubu na Meru, hupata mvua nyingi. Upande wa nyuma, kama Timau, hupata kidogo, kwa sababu upepo ukifika huko umekwisha kumwaga mzigo wake.

Tena, mvua hailingani kila mwaka. Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wetu wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, vuli huwa nzito. Joto likiwa upande wa Indonesia, vuli hupungua. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, ilipofurika Afrika Mashariki yote baada ya ukame. Na mwaka 1997, mvua ya El Niño ilipobomoa barabara na madaraja. Na tena 2019 na 2023. Kwa upande mwingine, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana ikiwa na mvua haba katika sehemu nyingi kavu za Kenya.

Katika jambo hili kuna faida kwako. Bahari hubadilika polepole, kwa hiyo wataalamu huweza kuitabiri vuli vizuri zaidi kuliko mvua ya Machi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Usikilize redioni, au umwulize afisa wa kilimo wa wadi yako. Utabiri siyo ahadi, lakini ni heri kununua mbegu ukiwa na habari kuliko kununua kwa kubahatisha.

NCHI YA CHINI: HESABU YA SIKU

Watu wengi walipopewa mashamba katika skimu, tangu miaka ya 1960, walitoka sehemu za kahawa, wakaja na desturi za huko. Desturi hizo hazina kosa mahali pake. Lakini Embu mjini hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya nchi ya chini hupata chini ya 800. Hapo ni lazima kuhesabu siku.

Tuchukue mfano wa wakulima watatu, jirani kwa jirani, mvua ikianza tarehe 15 Oktoba na kukoma tarehe 15 Desemba.

Wa kwanza amepanda mahindi ya Katumani siku ile mvua ilipoanza. Mahindi hayo hutoa mbelewele baada ya siku kama 60, yaani karibu na tarehe 14 Desemba. Udongo bado una maji. Siku hizo za mbelewele na ndevu ndizo ambazo mahindi huhitaji maji kuliko wakati wowote, maana ndipo punje zinapofanyika. Huyu atavuna.

Wa pili amepanda mbegu ile ile, lakini alikuwa bado analima mvua ilipoanza, akapanda tarehe 5 Novemba. Mahindi yake yatatoa mbelewele karibu na tarehe 4 Januari. Mvua imekwisha kukoma majuma matatu, na jua ni kali. Ataona mashina marefu na magunzi yasiyo na punje.

Wa tatu amepanda mapema, lakini amechukua mbegu ya nchi za juu kama H614, ambayo katika baridi huchukua miezi sita au zaidi. Hata joto la chini likiyaharakisha, mahindi hayo hayatakuwa yametoa mbelewele mvua itakapokoma. Huyu amepoteza mbegu, mbolea na kazi.

Mvua ilikuwa moja kwa wote watatu. Kilichowatenganisha ni siku ya kupanda na aina ya mbegu, na mambo yote mawili yamo mikononi mwa mkulima. Kwa hiyo shika haya:

1. Lima sasa, mwezi huu wa Septemba, ardhi ikiwa kavu. Rekebisha makingamaji yako. Yale ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, huzuia maji yasikimbie na yasichukue udongo. Mvua ya kwanza hunyesha juu ya ardhi tupu, na ndiyo inayoharibu zaidi.

2. Nunua mbegu ya muda mfupi mapema, katika mfuko wenye lebo ya KEPHIS. Katumani na DH04 zafaa nchi ya chini.

3. Usidanganywe na manyunyu ya kwanza. Mara nyingine hunyesha siku mbili, kisha jua huwaka majuma mawili na miche ikafa. Chimba kwa panga. Unyevu ukiwa umefika chini urefu wa shubiri moja, panda siku hiyo hiyo. Ukitaka kupanda kabla ya mvua, weka mahindi chini kiasi cha inchi tatu, ili manyunyu yasiyaotesha.

4. Usiweke chakula chote katika mahindi. Ndengu hukomaa kwa siku kama 65, na mtama wa muda mfupi kwa miezi mitatu. Mawele nayo huvumilia jua. Mbaazi zikipandwa na mvua hii hungoja ardhini na kutoa mavuno katikati ya mwaka ujao, wakati ghala ni tupu.

5. Palilia kabla majuma matatu hayajapita. Gugu hunywa maji yale yale ya mahindi yako. Angalia moyo wa mmea mara mbili kwa juma, kwa maana viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa Kenya mwaka 2017, hujificha humo. Ukiwaona wangali wadogo dawa huwafikia. Wakikua hujizika ndani.

NCHI YA KAHAWA

Ukipanda hadi kati ya mita 1,300 na 1,700, mvua ile ile hukuta mambo mengine. Kahawa, ambayo wakulima Waafrika wa Meru na Embu walianza kuipanda katika miaka ya 1930, huiva kwa wingi Oktoba hadi Desemba. Mvua basi huja wakati wa kuchuma.

Matunda yaliyoiva yakiachwa mtini katika mvua hupasuka, huanguka na kuoza. Zungukia shamba kila baada ya siku 10 hadi 14, uchume mekundu tu, uyafikishe kiwandani siku hiyo hiyo. Tunda lililolala ndani ya gunia usiku mmoja huchacha, na kikombe kikiharibika malipo hushuka kwa wanachama wote wa chama chenu, si kwako peke yako. Wale wanaoanika buni mezani wasiache kuifunika kila wingu linapokusanyika.

Mvua hii pia huamsha maua yatakayotoa mavuno madogo ya katikati ya mwaka ujao. Lakini baridi na maji ndivyo vinavyoleta ugonjwa wa kuoza kwa matunda mabichi, ambao wakulima huuita CBD, ulioonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Dawa ni ya kuzuia, siyo ya kuponya. Ipigwe kabla ya mvua kushika nguvu, wala usingoje matunda yawe meusi. Anayeng'oa mibuni mizee yafaa afikirie Ruiru 11 au Batian, ambayo huukinza ugonjwa huo.

Na maharagwe? Nchi hii huyapa maji ya kutosha, na mara nyingine kupita kiasi. Yapande kwa nafasi, upepo upite, majani yakauke upesi baada ya mvua.

NCHI YA JUU, NA NYUMA YA MLIMA

Juu zaidi ni nchi ya chai. Mvua ya vuli huleta machipukizi kwa wingi, na hasara ya huko ni ya kushindwa kuchuma kwa wakati. Tayarisheni wachumaji mapema, na rekebisheni njia ya kwenda kituo cha kununulia, kwa sababu gari likikwama matopeni majani hupata joto kikapuni na kukataliwa. Huko Igembe na Tigania wakulima wa miraa wajua jambo la namna hiyo: mvua huongeza majani, na majani yakijaa sokoni bei hushuka. Fedha ya miezi ya ukame yafaa iwekwe kwa ajili ya miezi ya mvua.

Ndugu zetu wa skimu za upande wa Timau wajihadhari. Nchi yao ni ya juu, lakini siyo ya maji mengi, kwa kuwa mlima umeikinga mvua. Tena baridi huchelewesha mahindi. Basi wasiige shamba la Nkubu kwa sababu tu liko mlima huo huo. Viazi na ngano vina historia nzuri kwao.

MAVUNO YA FEBRUARI

Kwa kawaida jua la Januari na Februari hutusaidia kukausha. Lakini mvua ikirefuka, kama ilivyorefuka hadi mwanzo wa 1998, au ukichelewa kuvuna hadi mawingu ya Machi, nafaka huingia ghalani ikiwa na maji, na ukungu huota. Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na 125 walikufa. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa bila kukauka. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Kipimo rahisi ni hiki. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo au theluthi, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo.

Kisha fanya hesabu kabla ya kumwita mnunuzi. Kwa makadirio ya kawaida ya Kenya, mtu mmoja hula karibu gunia moja la kilo 90 la mahindi kwa mwaka. Jamaa ya watu saba basi yahitaji magunia saba. Katika nchi ya kahawa huenda mavuno ya Julai na Agosti yakakuokoa. Katika nchi ya chini usiyahesabu kabla hujayaona. Chakula cha Februari huenda kikalazimika kufika Februari nyingine. Wengi huuza yote mwezi wa Machi, bei ikiwa chini, ili kulipa madeni ya ada za shule, na mwezi wa Juni hununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Weka kwanza magunia ya nyumbani katika mifuko isiyopitisha hewa, halafu uza yaliyobaki.

Kazi ya mwezi huu, basi, ni kulima, kurekebisha makingamaji, kununua mbegu na kusafisha ghala. Mwenye swali juu ya mbegu ifaayo shamba lake na amwone afisa wa kilimo kabla ya tarehe 10 Oktoba. Baada ya hapo mvua yaweza kuanza siku yoyote, naye afisa atakuwa mashambani pamoja nanyi.