Chakula cha Kujenga Mwili wa Kambare wa Bwawani

Mkulima aliyetia kambare bwawani, akawapa pumba ya mahindi peke yake kila siku, huona jambo la kumsikitisha. Samaki wanakula kwa pupa na matumbo yanajaa, lakini miezi sita ikiisha wangali wana vichwa vikubwa na mikia myembamba. Tena hesabu yao imepungua. Hapo husingizia kenge, ndege na wezi. Kenge na wezi wapo, sikatai. Lakini mara nyingi kambare mwenyewe ndiye aliyemla nduguye, hasa wakiwa wamezidiana kwa ukubwa na chakula hakitoshi.

Kambare si kama perege, ambaye hukua hata kwa mimea midogo ya majini. Huyu, ingawa hakatai kitu, kwa asili ni mwindaji wa wadudu, konokono na samaki wadogo. Kwa hiyo ahitaji sana chakula cha kujenga mwili, kiitwacho protini. Katika kila sehemu 100 za chakula kikavu, vifaranga wachanga wataka protini sehemu 45 au zaidi. Wa ukubwa wa kidole, 40. Na wanaonenepeshwa, 35 hivi. Pumba ya mahindi ina sehemu 10 hivi tu. Basi hata samaki akishiba pumba, nyama hataipata.

Dagaa wakavu na safi wana sehemu 55 au zaidi. Soya nzima, 38 hivi. Mashudu ya alizeti, 30 hivi, nayo hupungua ikiwa maganda ni mengi. Kwa kambare wa kunenepesha, changanya kilo 3 za dagaa, kilo 3 za soya, kilo 2 za mashudu ya alizeti na kilo 2 za pumba. Katika kilo hizo 10, protini itakuwa kilo 3 na nusu na kidogo. Msifikiri kwamba soya yaweza kushika mahali pa dagaa wote, maana protini si za namna moja: iliyopungua katika soya imo katika dagaa, kama vile ukuta usivyosimama kwa mawe pasipo chokaa. Soya sharti ikaangwe vema kabla ya kusagwa, kwa kuwa mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kutumia protini.

Yafaa kuwaangalia sana dagaa wanaonunuliwa kwa uzito. Wengi wa Ziwa Victoria huanikwa juu ya mchanga, na mchanga huo huuzwa kwa bei ya samaki. Kabla ya kununua gunia, chukua konzi moja, uitie katika ndoo ya maji na kuikoroga; mchanga utazama chini, nawe utaona unacholipia. Tena dagaa ni kitoweo cha watoto nyumbani, wala si haki bwawa lile kabla yao. Wakati wa kumbikumbi, kusanya, kausha na usage. Hao nao ni protini, na gharama yake ni taabu ya kuokota tu.

Kiasi nacho ni jambo kubwa. Kambare 500 wenye gramu 200 kila mmoja ni kilo 100; wape kilo 3 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, na jioni hula vizuri zaidi. Kila majuma mawili vua wachache, uwapime, ubadili hesabu. Ukizidisha, mabaki huoza, na protini isiyotumika hutoka mwilini mwa samaki ikawa sumu ndani ya maji. Kambare hudanganya hapa, kwani aweza kuvuta hewa ya juu, akaishi katika maji ambayo yangemwua perege. Yu hai, lakini hakui.

Chakula kilichosagwa kiwekwe juu ya kichanja, mahali pakavu, wala kisizidi cha mwezi mmoja. Kikiota ukungu, kisitiwe bwawani, wala kuku wasipewe.