Kompyuta Ikigoma, Tuulize Kwanza Imenyimwa Nini

Mitaa ya Makorora, jijini Tanga, haikosi kibanda cha steshenari wala kijana wa kutengeneza kompyuta. Mpelekee kijana huyo kompyuta ya madrasa ambayo programu yake ya orodha ya wanafunzi haifunguki, na huenda jibu likawa lile tulilolizoea: "Tuipige Windows upya." Kazi huisha kwa saa chache, na wakati mwingine kumbukumbu za miaka kadhaa hupotea pamoja nayo. Huko, kwa maoni yetu, si kutibu.

Iko njia nyingine, nayo inahitaji elimu ya ndani kidogo. Programu yoyote, iwe ya kuandikia barua au ya kukokotoa nyakati za Swala, hairuhusiwi kugusa diski au mtandao kwa mkono wake. Ni lazima ibishe hodi kwa kiini cha mfumo endeshi na kuomba: nifungulie faili hili, nisomee, niandikie, nifungie. Maombi haya ndiyo miito ya mfumo. Linux ina aina zaidi ya 300, ingawa ni chache tu zinazotumika kila mara. Kiini kikikataa ombi, hutoa nambari ya sababu: 2, faili halipo, 13, ruhusa imekosekana, 28, nafasi imejaa.

Programu huipokea nambari hiyo, kisha mara nyingi humwambia mtumiaji "kuna hitilafu", basi. Ushahidi umefichwa. Chombo kiitwacho strace, alichokiandika Paul Kranenburg mwaka 1991 kwa ajili ya SunOS na baadaye kikahamishiwa Linux, hunakili kila ombi pamoja na jibu lake. Wenye Windows, kama madrasa yetu ya mfano, wana Process Monitor, inayofanya kazi ya kukaribiana na hiyo. Fundi angeitazama, pengine angeona programu ikilitafuta faili katika folda ambayo mwalimu aliibadilisha jina, na kila mara ikijibiwa kuwa jina hilo halipo. Dawa ni kuirudishia folda jina lake. Hakuna kilichofutwa.

Sisi tulioamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kuhakiki habari kabla ya kuchukua hatua, mbinu hii isitushangaze. Ina na upande wa amana: strace huonyesha hata yaliyomo katika yanayosomwa na kuandikwa, nywila zikiwemo. Fundi aombe idhini ya mwenye kompyuta, na akimaliza aifute nakala hiyo.

Mzazi atauliza, mwanangu aanzie wapi? Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitolewa Bell Labs Novemba 1971, na sehemu yake ya pili ilitengewa miito ya mfumo. Mpangilio huo umebaki hivyo hivyo katika Linux. Ukishasakinishwa, husomeka ndani ya kompyuta yenyewe bila bando. Kikwazo ni lugha. Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilionyesha kuwa menyu zinaweza kusema Kiswahili, lakini mwongozo huu ni wa Kiingereza. Basi kijana, binti sawa na mvulana, aanze na kurasa nne tu, za open, read, write na close, akae nazo pamoja na kamusi, na pale zinapomshinda amuulize mwalimu wake wa Kiingereza.