Chumba Kilichochorwa na Mkoko



Siku mkifika Lamu mkakaribishwa katika nyumba ya kale ya mawe, msiishie kwenye mlango wa nakshi. Ingieni ndani, mwinue macho. Juu mtaona miti ya mviringo imepangwa karibu karibu, kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo boriti, zilizokatwa kwenye mikoko, miti inayoota katika tope la bahari. Sasa kipimeni chumba kwa hatua. Kwa urefu mtakwenda, mtakwenda. Kwa upana, hatua chache tu mmegonga ukuta: mita 2.5 au 3 hivi.

Je, tajiri aliyejenga alikosa kiwanja? Hakukosa. Aliijua boriti yake.

Leteni rula ya plastiki. Ilazeni juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 10, mbonyeze katikati kwa kidole. Imepinda kidogo tu. Sasa vitengeni vitabu hadi sentimita 20, mbonyeze kwa nguvu ileile. Lo! Nafasi imeongezeka mara 2, kupinda kumeongezeka mara 8, yaani 2 mara 2 mara 2. Na huo ni uzito wa kidole. Boriti za Lamu zimebeba mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito hata kabla wageni wa harusi hawajapanda.

Bado rula mnayo? Isimamisheni kwa ubavu wake mwembamba, mbonyeze tena. Imegoma! Siri ni hii: mti ukibebeshwa mzigo, upande wake wa juu hubanwa na wa chini huvutwa, ilhali katikati pana kazi ndogo. Kadiri juu na chini vinavyoachana, ndivyo mti unavyostahimili. Ndiyo maana fundi seremala huisimamisha mbao ya inchi 2 kwa 6. Ikisimama hubeba mara 3 ya mzigo ambao ingebeba ikilala, na ugumu wake wa kupinda huwa mara 9. Mbao ni ileile, bei ni ileile.

Boriti ni duara, haijui kusimama wala kulala. Yenyewe hutegemea unene: ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 8. Ndiyo maana wakata mikoko hawasemi tu “mti”. Wana fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila jina na unene wake, kila unene na kazi yake. Fito haibebeshwi dari.

Boriti hizo zilipakiwa majahazini, zikasafiri na upepo wa kusi hadi Oman na Ghuba, kwenye uhaba wa miti. Zilipofika, huko nako vyumba vikajengwa vyembamba, kwa kipimo cha mkoko.

Na aliyetaka chumba kikubwa? Alikirefusha. Aliweka boriti nyingine kando ya ya mwisho, kisha nyingine, kila moja ikibeba kipande chake cha dari. Kurefusha angeweza kadiri ya mfuko wake. Kupanua, alimuuliza mkoko kwanza.