Mexico Yauza Tenisi, Mgeni Alala kwa Rafiki

Mwaka 2025 Mexico iliandaa mashindano matatu ya tenisi ya wanawake ya daraja la 500: Mérida, Monterrey na Guadalajara. Ongeza Acapulco, ya wanaume na ya daraja hilohilo, na Los Cabos ya daraja la 250, lililo chini yake, utapata mashindano matano ya tenisi ya kulipwa ya ngazi ya juu ndani ya mwaka mmoja. Hakuna nchi nyingine ya Amerika ya Kilatini iliyofikisha idadi hiyo.

Anayejua historia ya mchezo huu lazima ashangae kidogo. Mmexico wa mwisho kutwaa taji kubwa la wachezaji mmoja mmoja upande wa wanaume ni Rafael Osuna, aliyeshinda mashindano ya Marekani mwaka 1963 na kufariki katika ajali ya ndege karibu na Monterrey mwaka 1969. Tangu hapo nchi imeishi kwa furaha za hapa na pale, kama ile ya Agosti 2025, Renata Zarazúa alipomtoa Madison Keys, bingwa wa Australian Open wa mwaka huo, katika raundi ya kwanza ya US Open. Mashindano hayo matano, basi, hayakuletwa na mabingwa wa nyumbani. Yameletwa na utalii, sekta inayochangia zaidi ya asilimia 8 ya pato la taifa na ambayo mwaka 2024 ilipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 45.

Tuanze na namna biashara yenyewe inavyokwenda. Mashindano ya tenisi ni mali yenye mwenyewe. Mtu hawezi kujenga uwanja, akaita wachezaji, akaanza. Anahitaji leseni ya wiki fulani katika kalenda ya ATP kwa wanaume au WTA kwa wanawake, na leseni hiyo huuzwa, hukodishwa, huhamishwa kutoka mji hadi mji. Akishaipata, mwandaaji hutafuta fedha kwa wadhamini kwanza, kisha kwenye tiketi, haki za televisheni na vibanda vya chakula na vinywaji. Ndiyo maana mashindano ya Acapulco hubeba jina la kampuni ya simu, ya Monterrey jina la kampuni ya bima, na ya Guadalajara jina la kampuni ya vilainishi vya magari. Serikali za majimbo nazo huyaunga mkono, kwa kuwa picha ya ufukwe inayorushwa katika nchi nyingi kwa wiki nzima ni tangazo la utalii.

Hesabu ngumu zaidi iko kwenye sarafu. Zawadi za wachezaji hulipwa kwa dola, tiketi nyingi huuzwa kwa peso. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu peso 17. Kufikia Desemba ilikuwa imepita peso 20. Kwa mashindano yenye zawadi za dola milioni 2, na Acapulco inazidi kiasi hicho, tofauti hiyo peke yake ni peso milioni 6 na zaidi, kabla mwandaaji hajalipa taa wala walinzi.

Acapulco ndiyo kielelezo cha biashara hii, kwa mema na kwa mabaya. Mashindano yalianza mwaka 1993 katika jiji la Mexico City, ambako mwinuko unazidi mita 2,200 na mpira hupaa kuliko mchezaji anavyotaka. Thomas Muster wa Austria alichukua mataji manne ya kwanza. Mwaka 2001 yaliteremshwa pwani, yakawa sehemu ya msimu wa viwanja vya udongo wa Amerika ya Kilatini, na Wahispania wakayafanya shamba lao: David Ferrer alishinda mara tatu mfululizo, 2010 hadi 2012, na Rafael Nadal akamvua taji mwaka 2013.

Halafu mwaka 2014 waandaaji wakauondoa udongo na kuweka uwanja mgumu. Wapenzi wa tenisi walisikitika, lakini kibiashara naona uamuzi ulikuwa sahihi. Acapulco huchezwa mwishoni mwa Februari. Machi wachezaji wote wakubwa wanatakiwa Indian Wells, California, kisha Miami, na kote huko uwanja ni mgumu. Mchezaji aliye katika kumi bora hakuwa na sababu ya kuteleza kwenye udongo wiki moja kabla ya safari hiyo. Baada ya mabadiliko, Acapulco ikawa njiani kwake. Nyota akiwa njiani, mdhamini hufuata. Mdhamini akifuata, fedha za ujenzi hupatikana. Mwaka 2022 ulifunguliwa uwanja mpya wenye viti vipatavyo 10,000 katika eneo la Diamante, upande wa uwanja wa ndege, na Nadal akawa bingwa wa kwanza kuinua humo kombe la Acapulco, ambalo ni kibuyu kikubwa cha fedha.

Tarehe 25 Oktoba 2023 kimbunga Otis kikaupiga mji huo. Kilikuwa dhoruba ya kawaida, na ndani ya muda usiofika siku moja kikapanda hadi daraja la tano, la juu kabisa, kikatua usiku na upepo wa karibu kilomita 260 kwa saa. Makumi ya watu walikufa. Hoteli nyingi zilibaki mifupa, vioo vyote chini, samani zimetupwa barabarani. Kwa mji ambao ajira zake zimesimama juu ya vitanda vya hoteli, hilo lilikuwa pigo la uchumi mzima.

Miezi minne baadaye mashindano yakachezwa. Alex de Minaur wa Australia akatetea taji lake kwa kumshinda Casper Ruud. Wapo waliouliza kama ilifaa kucheza tenisi mahali ambapo watu walikuwa bado wanaokoteza mabati ya paa zao, na swali hilo lina haki yake. Mimi naamini ilifaa, kwa sababu moja: mashindano yaliweka tarehe. Mwenye hoteli alijua vyumba lazima viwe tayari Februari, fundi wa umeme alijua nani anamsubiri, na mhudumu aliyepoteza kazi Oktoba alikuwa na wiki ya kuitwa tena. Septemba 2024 kimbunga John kikaleta mafuriko mapya, na Februari 2025 mashindano yakachezwa tena.

Mji uliopigwa namna hiyo hauokolewi na mtalii wa mbali peke yake, maana huyo huona picha za uharibifu na kubadilisha safari. Acapulco iko kama kilomita 380 kutoka Mexico City, saa tano kwa basi, na jiji hilo pamoja na viunga vyake lina zaidi ya watu milioni 20. Wakazi wa jiji wamezoea kuteremka pwani mwisho wa wiki tangu enzi za babu zao. Wengi wana ndugu au rafiki huko, wanajua barabara ipi imefunguliwa na mkahawa upi umerudi. Hapo ndipo penye nguvu ya biashara hii, na ndipo wapangaji wengi wa utalii wasipopaangalia.

Linganisha miji miwili iliyopata bahati ileile. Mashindano ya mwisho wa msimu ya WTA, yanayokutanisha wachezaji nane bora wa mwaka, yalitakiwa kuwa Shenzhen, China. Mwaka 2021, kwa sababu ya vikwazo vya Uviko-19, yakapelekwa Guadalajara. Tangazo lilitoka Septemba na mchezo ukaanza Novemba. Mwaka 2023 WTA, ikiwa bado haijarudi Shenzhen, iliyapeleka Cancún. Huko pia tangazo lilitoka Septemba, na mchezo ukaanza mwishoni mwa Oktoba. Muda wa matayarisho, basi, ulikuwa karibu sawa, na zawadi za Cancún, dola milioni 9, zilikuwa kubwa kuliko milioni 5 za Guadalajara.

Guadalajara ilifana. Ni jiji la watu wapatao milioni 5, na katika eneo la Zapopan kuna kituo cha tenisi kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Amerika ya 2011. Tenisi ya maonyesho ya Olimpiki ya 1968 ilichezwa katika jiji hilohilo. Kuna watu wanaocheza, wanaofundisha, waliolelewa na mchezo. Tiketi zilipotoka, wanunuzi walikuwa wamekwishakuwepo. Garbiñe Muguruza, anayezungumza Kihispania, alishangiliwa kama binti wa mtaa hadi akamshinda Anett Kontaveit wa Estonia katika fainali.

Cancún ilikuwa na vyumba vya hoteli visivyohesabika, lakini haikuwa na uwanja. Ukajengwa wa muda kwenye eneo la hoteli, ukamalizika dakika za mwisho, na wachezaji wakalalamika wazi kwamba hawakupata nafasi ya kuuzoea. Mvua na upepo wa msimu wa vimbunga vikavuruga ratiba, na fainali ambayo Iga Swiatek alimshinda Jessica Pegula ikasukumwa hadi Jumatatu. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa la hesabu kabla ya kuwa la hali ya hewa. Cancún hupokea mamilioni ya wageni, lakini mgeni wa Novemba alikwishalipia likizo yake tangu katikati ya mwaka, mara nyingi kwa mfuko mmoja wenye chumba, chakula na vinywaji. Alikuja kulala ufukweni. Huwezi kumgeuza mtazamaji wa tenisi kwa tangazo la wiki saba.

Guadalajara nayo haikulindwa na mafanikio yake. Mwaka 2022 na 2023 ilipewa mashindano ya daraja la 1000, la juu kabisa chini ya mataji makubwa, wakati kalenda ya Asia ilipokuwa haijatengemaa. Wuhan iliporudi mwaka 2024, Guadalajara ikashushwa hadi 500. Los Cabos, iliyoanza mwaka 2016 kwa mchezo wa Agosti, ilihamishiwa Februari mwaka 2024, kisha ikarudishwa Julai mwaka uliofuata. Monterrey ilitolewa Machi ikapelekwa Agosti, wiki moja kabla ya US Open. Mwenye mgahawa karibu na uwanja hana kauli katika lolote kati ya hayo.

Kinachobaki mikononi mwa miji ni watazamaji wake na wageni wa watazamaji hao. Takwimu za utalii duniani huonyesha kwamba zaidi ya robo ya safari za kimataifa huingizwa katika kundi la kutembelea ndugu na marafiki, pamoja na matibabu na ibada. Mgeni huyu hupuuzwa kwa sababu halipi chumba, na bodi za utalii zimezoea kuhesabu vitanda. Mfuate kwa siku moja, hata hivyo. Ametua Guadalajara kwa rafiki aliyesoma naye. Asubuhi wanakwenda sokoni kula birria, mchuzi mzito wa nyama ya mbuzi wenye viungo. Mchana wanachukua teksi hadi Zapopan. Uwanjani wananunua tiketi mbili, kwa kuwa mwenyeji hawezi kumwacha mgeni aende peke yake, na mara nyingi mwenyeji huyo asingekwenda kabisa kama mgeni asingekuja. Jioni wanakula mahindi ya kikombe yenye ndimu na pilipili kutoka kwenye mkokoteni, na Jumapili familia nzima inatoka kwa heshima ya mgeni. Fedha hizo zinaingia mfukoni mwa dereva, muuza mahindi na mwenye mgahawa siku hiyohiyo. Fedha za mfuko wa likizo wa Cancún nyingi zililipwa nje kabla ndege haijaruka. Wahenga wetu walilimaliza hili waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ushahidi kwamba soko la watazamaji wa nyumbani ni kubwa ulionekana tarehe 23 Novemba 2019, Roger Federer na Alexander Zverev walipocheza mechi ya maonyesho katika Plaza México, uwanja wa mapigano ya fahali jijini Mexico City. Walihudhuria watu 42,517, rekodi ya dunia kwa mechi ya tenisi wakati huo. Hapakuwa na alama wala taji lililoshindaniwa. Rekodi hiyo haikukaa: Februari 2020 Cape Town iliivunja kwa watu 51,954 waliokuja kumwona Federer na Nadal.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuangalia kwa makini. Mwaka 2024 Kigali iliandaa mashindano mawili ya wanaume ya ngazi ya Challenger, iliyo chini ya yale ya Mexico, wiki mbili mfululizo. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na ushei, karibu sawa na Guadalajara, na Rwanda imekwishaamua kutumia michezo kuutangaza utalii wake. Kenya ina Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la wasichana wawili wawili Wimbledon mwaka 2022. Anayefikiria kupanda ngazi asiige Cancún. Awauzie tiketi kwanza wakazi wa Kigali, Nairobi, Kampala na Bujumbura kwa bei wanayoimudu, wao watawaita jamaa zao.

Kwa msomaji anayetaka kwenda Mexico kuona mwenyewe: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, lakini njia ya Istanbul na ile ya Dubai kupitia Barcelona zote hufika Mexico City. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, ila Mexico imekuwa ikiwaruhusu kuingia kama watalii wenye viza hai ya Marekani, Uingereza, Kanada au ya nchi za Schengen. Hakikisha ubalozini kabla ya kulipa nauli. Kama una rafiki huko, mwambie mapema akununulie tiketi za siku za mwanzo wa mashindano. Kwa kawaida hizo ndizo nafuu kuliko za fainali, na ndizo siku zenye mechi nyingi zaidi kuanzia mchana hadi usiku.