Shibe Huamuliwa Ubongoni

Mtu mnene akienda zahanati kwa maumivu ya goti, mara nyingi hurudi na ushauri ule ule: kula kidogo, fanya mazoezi. Nyumbani na kazini atasikia hayo hayo, ila huko huongezewa lawama kwamba ni mlafi au mvivu. Ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, kwa kuwa hakuna mwili unaojijengea mafuta kwa hewa tupu. Kasoro iko katika dhana iliyobebwa nao, kwamba njaa ni jambo la hiari na kwamba anayenenepa ameamua kunenepa. Utafiti wa zaidi ya nusu karne unatuonyesha picha nyingine. Uzito wa mwili husimamiwa na ubongo, ubongo hupashwa habari na homoni, na kazi hiyo yote hufanyika bila mwenye mwili kuombwa ruhusa. Kumlaumu mnene kwa kukosa nidhamu ni kukosea ugonjwa, na anayekosea ugonjwa hukosea na tiba.

Ushahidi ulianza kwa panya. Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson mjini Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, waligunduliwa panya wasiojua kushiba, ambao uzito wao ungeweza kufika mara tatu ya ule wa wenzao. Baadaye maabara hiyo ikapata panya wa ukoo mwingine, wanene vilevile na wenye kisukari. Mtafiti Douglas Coleman aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili damu ya mmoja ipite kwa mwenzake. Alipomuunganisha panya wa ukoo wa kwanza na panya wa ukoo wa pili, yule wa kwanza aliacha kula hadi akafa kwa njaa, na wa pili akaendelea kula kama kawaida. Coleman alihitimisha kwamba damuni mna kitu kinachobeba habari ya shibe: ukoo wa kwanza hauwezi kukitengeneza, na ukoo wa pili unacho tele lakini ubongo wake haukisikii. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliipata jeni iliyoharibika katika ukoo wa kwanza, na homoni inayotokana na jeni hiyo ikaitwa leptini. Jambo kubwa zaidi ni mahali inapotoka: leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe ya mwilini. Mafuta tuliyoyadhania kuwa akiba iliyolala tu, kumbe huuarifu ubongo kila siku akiba imefikia kiasi gani.

Kwamba binadamu naye yumo katika utaratibu huu kulithibitika mwaka 1997, pale watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakiwemo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, walipoeleza hali ya watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuwa na leptini inayofanya kazi. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na binamu yake wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Msichana huyo alipoanza kuchomwa sindano za leptini, hamu yake ya chakula ilishuka, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua kilo 16 hivi. Tabia yake mezani ilibadilishwa na homoni moja iliyokuwa imekosekana tangu kuzaliwa.

Habari hizi hupokelewa hasa katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Humo mna kundi la seli za neva linalochochea njaa na jingine linaloituliza, na homoni huelemea upande huu au ule. Tumbo likiwa tupu hutoa grelini, homoni iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, nayo huamsha njaa. Chakula kikifika utumboni, utumbo hutoa homoni za shibe, mojawapo ikiitwa GLP-1. Leptini na insulini hueleza hali ya akiba ya muda mrefu. Ila mizani hii ina upendeleo: leptini ikishuka, ubongo hushtuka mara moja kana kwamba ukame umeingia, lakini ikipanda sana huzoea na kuacha kuisikiliza. Ndiyo maana watu wengi wenye unene wa kupindukia wana leptini nyingi damuni, na kuwaongezea hakujawasaidia.

Kuna atakayesema kwamba wako watu waliojinyima wakapungua. Ni kweli wapo, na swali gumu ni kinachofuata. Huko Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu 50 waliopunguza chakula kwa wiki kumi na kupoteza wastani wa kilo 13 hivi. Mwaka mmoja baadaye leptini yao ilikuwa bado chini, grelini bado juu, na njaa yao ilizidi ile waliyoanza nayo. Kujinyima kunafanana na kuzuia pumzi: kila mtu anaweza kwa muda, lakini mwili hauachi kudai. Hata mazoezi, yenye faida kubwa kwa moyo na sukari ya damu, peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko tunavyotarajia. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati waliyoitumia Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania. Ukizingatia ukubwa wa mwili, wawindaji hawa wanaotembea kutwa hutumia kwa siku nishati sawa na watu wa Marekani na Ulaya.

Hoja nzito zaidi ni hii: jeni zetu hazijabadilika, mbona wanene wameongezeka? Shirika la Afya Duniani linasema kiwango cha unene wa kupindukia kwa watu wazima kimepanda zaidi ya mara mbili tangu 1990. Jibu liko katika chakula kinachokutana na ubongo huo wa kale. Kevin Hall na wenzake, katika utafiti wa 2019, waliwaweka watu 20 ndani ya kituo kimoja kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na wiki mbili vyakula vya kawaida vyenye sukari, mafuta na chumvi kwa viwango vilivyolinganishwa, kila mmoja akiruhusiwa kula apendavyo. Kwa vyakula vya viwandani walikula kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Watu walikuwa wale wale, na nidhamu yao ile ile.

Wapo wanaohofia kwamba maelezo haya yatawafanya watu wakate tamaa. Mimi naona yanafungua njia. Semaglutaidi, dawa inayoiga GLP-1, iliwapunguzia watu karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68 katika jaribio la 2021, dhidi ya asilimia 2.4 kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Walioacha kuitumia walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka, kama vile shinikizo la damu linavyorudi mgonjwa akiacha vidonge vyake. Dawa hii ni ghali, na huleta kichefuchefu na kutapika, hivyo haitafika kila kijiji. Kazi kubwa zaidi inabaki kwenye chakula: kinachouzwa kwenye lango la shule, bei ya soda ikilinganishwa na ya matunda, matangazo yanayowalenga watoto. Haya yako mikononi mwa serikali, wafanyabiashara na wazazi, nayo yanahitaji nguvu ile ile ambayo hadi leo tumeimaliza kwa kuwasema wanene.