Mume Anayebeba Chuma

Huenda mumeo ni dereva wa semi-trela anayepeleka nondo na mabamba ya chuma kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Ukiliona trela lake la wazi, lisilo na kuta, na mzigo umefika magotini tu, utadhani safari ni nyepesi. Sivyo. Chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji.

Hatari yake iko katika kusimama. Breki zikifungwa ghafla gari hupunguza mwendo, lakini mzigo huendelea mbele, na mbele yake amekaa baba watoto. Kinachouzuia ni minyororo, nayo hulegea kadiri mzigo unavyotulia. Ndiyo maana dereva mwangalifu husimama mapema na kuikaza upya. Katika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, hushuka kwa gia nzito ili breki zisishike moto.

Kazi hii yataka mtu aliyelala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Aliyekesha hukawia kukanyaga breki kama aliyelewa. Basi akirudi nyumbani, mwache alale kwanza. Ada ya shule na paa linalovuja mtazungumza akiamka. Akiwa njiani, usimpigie simu. Akupigie yeye akishaegesha. Na anapoaga, muulize: "Baba, umelala vya kutosha?" Akisema hapana, msihi angoje. Mzigo uliochelewa bado hufika.